Mume Akifilisika, Deni Huhamia kwenye Mshahara wa Mke

Dalili ya kwanza ni simu. Mwanamume aliyezoea kuitupa simu yake kwenye kochi, watoto wakaichezea mpaka chaji ikaisha, ghafla anaanza kuilaza kifudifudi mezani. Anaizima sauti. Ikitikisika, anatoka nje na kuongea akiwa amesimama karibu na tangi la maji. Mke anahisi kuna mwanamke. Anapekua, na siku anapoufikia ukweli anakuta upande wa pili wa simu yuko karani wa mikopo. Wapo wanawake hapa Busia, upande wa Uganda wa mpaka na Kenya, wanaosema, nusu utani, kwamba afadhali angekuwa mwanamke, kwa sababu mke mwenza haji na dalali wa mahakama kubeba friji.

Tukizungumza habari za mtu kufilisika, macho yetu huenda kwenye ile siku ya friji. Gari limesimama mlangoni, majirani wamejaa uani, mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji, ameitwa kushuhudia. Ni siku ya aibu, lakini kwa hesabu za nyumba si siku mbaya kuliko zote. Friji, kochi na televisheni vikipigwa mnada havifikii hata riba ya miezi mitatu. Hasara kubwa huwa imekwishapita kimyakimya, na imepitia mahali ambapo dalali hakugusa: mapato ya yule mwenza ambaye hakukopa. Katika nyumba zetu deni la mtu mmoja hubadili jina kabla mahakama haijajua lolote, na likibadili jina huenda kwa yule mwenye mshahara.

Niwatunge watu wawili, maana sitaki kumwanika jirani yangu. Baba Halima ananunua mahindi Bugiri na Iganga na kuyauza kwa wanunuzi wanaotoka upande wa Kenya. Mama Halima ni nesi katika kliniki ya binafsi. Mshahara wake, ukishakatwa kila kinachokatwa, ni shilingi 850,000 kwa mwezi. Mume, mwezi ukiwa wa kawaida, huleta nyumbani 1,200,000. Jumla ni 2,050,000. Chakula kinakula 600,000. Watoto wawili wa sekondari wanalipiwa 900,000 kila mmoja kwa muhula, na mihula mitatu ukiigawa kwa miezi 12 ni 450,000. Yaka (umeme wa kulipia kabla), maji na mkaa 200,000, usafiri 150,000, bibi yao kijijini 100,000, dawa na mengineyo 150,000. Inafika 1,650,000. Zinabaki 400,000 za SACCO na za nigina, ule mchezo wa wanawake wa kuchangiana na kupokea kwa zamu. Hiyo ni nyumba inayopumua.

Kitu ambacho Mama Halima hakukiona katika hesabu hii ni mkopo wa benki. Mume alichukua milioni 40 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka, alipe kwa miaka mitatu. Rejesho lake ni karibu 1,490,000 kila mwezi, fedha nyingi kuliko anazoleta nyumbani, lakini lilikuwa linatoka dukani moja kwa moja. Jikoni halikusikika. Hapo ndipo tatizo la nyumba nyingi linapoanzia: mke anajua mume ana mkopo, hajui mkopo unakula kiasi gani, kwa sababu mradi biashara inazunguka, hakuna siku ambayo chakula kilipungua kwa ajili yake.

Na biashara haihitaji mvivu wala mlevi ili ianguke. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Zuio lenyewe liliondolewa baada ya siku chache, likaacha masharti mapya, lakini mahindi yaliyokuwa kwenye malori hayakungoja kusoma masharti. Mwaka mmoja kabla ya hapo madereva walikuwa wanapanga foleni Malaba na Busia siku nyingi wakisubiri majibu ya vipimo vya korona. Shule zetu zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2022. Waliokuwa wanauzia shule mahindi, maharage na kuni walikaa karibu miaka miwili bila mteja wa kutegemea. Mfanyabiashara wa mpakani anaweza kulala na mtaji akaamka na tangazo.

Tuseme Baba Halima ameanguka mwaka mmoja baada ya kukopa. Benki bado inamdai zaidi ya milioni 29. Wakulima na madalali wa mahindi wanamdai milioni 9. Mkopeshaji wa riba, aliyekimbiliwa katika zile wiki za mwisho za kujaribu kuokoa jahazi, anadai milioni 5. Mikopo ya simu, ile midogo ya kubonyeza tarakimu usiku, imefika 600,000. Yote ni kama milioni 44.

Fungua tena daftari la nyumba. Zile 1,200,000 za mume zimekuwa 200,000 za vibarua vya kupakia magunia ya wenzake. Ukijumlisha na mshahara wa mke unapata 1,050,000 dhidi ya matumizi ya 1,650,000. Pengo ni 600,000. Mtu akiangalia haraka atasema tatizo ni hilo: tupunguze hapa, tuongeze pale, pengo lizibike.

Lakini mkopeshaji wa riba anataka asilimia 10 kwa mwezi. Ni 500,000 za riba tupu, ile milioni 5 yenyewe haijaguswa. Mwaka 2024 serikali iliweka ukomo wa asilimia 2.8 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa aina hii, na kwa deni hilohilo ingekuwa 140,000. Tofauti ya 360,000 ni zaidi ya theluthi moja ya mshahara wa nesi wetu. Mbona hadai haki yake? Kwa sababu mara nyingi karatasi iliyotiwa sahihi haisemi mkopo. Inasema mauzo ya kiwanja. Au hakuna karatasi, kuna kadi ya ATM na namba ya siri vimelala kwenye droo ya mkopeshaji. Mtu wa namna hii huwezi kumsomea gazeti la serikali.

Basi Mama Halima anafanya kile ambacho kila mke mwema angefanya. Anaenda kwenye SACCO ya wafanyakazi wa afya, anaomba milioni 6 kwa jina lake, alipe kwa miezi 24 kwa riba ya asilimia 1.5 ya mkopo wote kila mwezi, hata deni likiwa limepungua. Anammaliza mkopeshaji, milioni moja iliyobaki inalipa ada ya muhula. Ukoo mzima unamsifu. Wazee wanasema dawa ya deni ni kulipa, na hakuna aliyewahi kupinga. Swali ambalo methali hailiulizi ni kulipa kwa mkono wa nani. Kuanzia mwezi unaofuata SACCO inakata 340,000 kabla mshahara haujamfikia. Anabaki na 510,000. Ongeza 200,000 za mume, nyumba ina 710,000 na bado inahitaji 1,650,000.

Ukiangalia hatua hiyo peke yake, haina kosa. Kuhama kutoka riba ya asilimia 10 kwenda asilimia 1.5 ni akili. Kosa ni kwamba ilifanywa kama uokoaji, bila kutazama zile milioni 38 na ushee zilizobaki. Benki bado ipo, wakulima bado wapo. Nyumba iliyokuwa na mdaiwa mmoja sasa ina wawili, na huyu wa pili ndiye pekee aliyekuwa bado anakopesheka. Akichelewa marejesho yake, jina litakaloharibika kwenye kumbukumbu za mikopo, zile zilizoanza kutumika nchini mwaka 2008, ni lake mwenyewe, si la mumewe.

Kuna watakaosema: matumizi nayo yatashuka. Watu wakiishiwa hujibana. Ndiyo, yanashuka, lakini si kwa namna unayodhani. Nyumba iliyokuwa inanunua gunia la mkaa sasa inanunua mkaa wa kopo, na ukiyahesabu makopo yote ya mwezi umelipa gunia na zaidi. Mafuta ya kupikia yanapimwa kwenye kifuko, sukari nayo inafungwa kwenye vikaratasi. Yaka inaingizwa ya elfu mbili mbili. Umaskini wa ghafla ni ghali kuliko umaskini wa siku zote, kwa sababu aliyezoea hali ngumu ana shamba la mihogo na jirani wa kuazimana naye chumvi. Aliyeanguka jana ana gharama za mtu tajiri na mfuko wa kibarua. Watoto wakihamishwa kutoka shule ya bweni kwenda ya kutwa, ada inapungua, lakini sasa wanakula nyumbani mara tatu na wanahitaji nauli. Mume anayekimbia wadai anabadilisha laini ya simu, analala kwa ndugu Tororo, anarudi usiku kwa bodaboda. Nauli hizo nazo zinatoka katika zile 510,000. Siku nyingine chakula cha jioni kinakuwa kikomando, chapati iliyokatwakatwa juu ya maharage, na watoto kwa kweli hulipenda hilo zaidi kuliko posho, yaani ugali. Hiyo labda ndiyo faida pekee niliyoiona.

Kitu kinachokatwa mapema kuliko vyote ni nigina. Mke anajitoa kimyakimya kwa kuona haya, na pamoja na nigina anapoteza zamu yake ya kupokea na wale wanawake kumi ambao wangemchangia siku ya msiba. Hasara hiyo haiandikwi kwenye daftari lolote.

Sasa tuje kwenye sheria, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotoshana. Sheria yetu ya ufilisi ya mwaka 2011, iliyoanza kutumika Julai 2013 na kurekebishwa 2022, inamtazama mtu. Haitazami nyumba. Anayetangazwa kufilisika ni Baba Halima, mali inayokusanywa ni ya Baba Halima, na ndoa peke yake haimfanyi mkewe kuwa mdaiwa. Inachekesha kidogo ukikumbuka kwamba serikali hiyohiyo ikigawa fedha za PDM, mpango wake wa kukopesha wananchi kupitia parokia, ile milioni moja kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, inazihesabu kwa kaya. Wakati wa kupokea sisi ni kaya. Wakati wa kuanguka kila mtu na jina lake.

Kwa Mama Halima hiyo ni habari njema, ila ina tundu, na tundu lenyewe ni sahihi yake. Siku ile ya mkopo wa benki mume alimwambia, “Mama Halima, weka tu sahihi hapa, ni utaratibu wao.” Akaweka mbili. Ya kwanza ilikuwa ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ardhi, hasa baada ya marekebisho ya 2004, inakataza mtu kuuza au kuweka rehani ardhi ya familia bila ridhaa ya mwenza wake, na Sheria ya Rehani ya 2009 inataka hivyohivyo kwa nyumba ya ndoa, tena ridhaa ya mtu aliyeelezwa akaelewa. Sahihi hiyo inaiweka ardhi hatarini. Haimfanyi mke kuwa mdaiwa. Ya pili, iliyokuwa kwenye ukurasa mwingine wenye maandishi madogo, ilikuwa dhamana: kwamba mume akishindwa, yeye atalipa. Sahihi hiyo ndiyo inayofungua mlango wa mshahara.

Mbili hizi zinafanana kwa macho, kalamu ni ileile, meza ni ileile, karani yuleyule anatabasamu. Lakini mume akifilisika, aliyetoa ridhaa tu anaweza kupoteza kiwanja akabaki na kipato chake. Aliyetoa dhamana anafuatwa yeye mwenyewe, na kufilisika kwa mume hakumsaidii kitu. Kunamfanya awe wa kwanza kupigiwa simu. Ningekuwa na uwezo ningeweka sheria karatasi za dhamana ziwe za rangi nyekundu. Na kwa kuwa tunasema kweli, wapo wanaume waliompeleka mwanamke mwingine benki aigize mke, na picha yake ikabandikwa kwenye fomu. Mke halisi akija kuligundua, angalau ana hoja ya kwenda nayo mahakamani. Yule aliyetia sahihi mwenyewe bila kusoma hana hata hiyo.

Wanaokaa pamoja bila ndoa yoyote, ya kanisani, ya msikitini, ya serikali wala ya kimila, wamesimama pabaya zaidi. Sheria yetu haiutambui ukaaji huo kuwa ndoa hata ukifika miaka 15 na watoto watano. Mwanamke wa namna hiyo hana ridhaa ya kuombwa. Kiwanja alichosaidia kununua kinaweza kuwekwa rehani asubuhi yeye akiwa sokoni.

Jambo jingine ni majina kwenye mali. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilisema kwamba ndoa haigeuzi kila mali kuwa ya wote wawili. Kinachotazamwa ni nani alichangia nini. Wanawake wengi waliipokea hukumu ile kwa huzuni, kwa sababu walitaka nusu kwa nusu. Lakini mbele ya wadai inakata upande wa pili pia: kama si kila cha mume ni cha mke, basi si kila cha mke ni cha mume. Shida ni ushahidi. Mama Halima ana bodaboda aliyoinunua kwa akiba yake ya SACCO, kijana wa mtaani anaiendesha na kumletea hesabu kila jioni. Kitabu cha umiliki kina jina la mume, kwa sababu siku ya kununua yeye alikuwa zamu ya usiku. Kibanda cha mobile money kilichoko mbele ya nyumba ni jasho la mke, laini ya wakala imesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa cha mume. Dalali wa mahakama hasomi jasho. Anasoma jina.

Kuna kifaa kingine cha wadai ambacho, kwa maoni yangu, kimetengenezwa kumkamua mwenza moja kwa moja, ingawa hakuna anayekiri: jela ya madeni. Mdai mwenye hukumu anaweza kuomba mdaiwa afungwe gereza la kiraia, hadi miezi sita, na mdai ndiye anayelipia chakula chake humo ndani. Jiulize kwa nini mtu aliyedhulumiwa fedha akubali kuongeza fedha nyingine kumlisha aliyemdhulumu. Jibu ni kwamba halengi mfuko wa mfungwa. Mfuko huo anajua ni mtupu. Analenga mke, kaka na shemeji. Zile 200,000 za vibarua zinakatika siku hiyohiyo, nauli za kwenda kumwona zinaanza, na ndani ya wiki mbili bodaboda inauzwa kwa bei ya kutupa. Deni limelipwa na mtu ambaye hakulikopa, na kwenye vitabu linaandikwa kwamba mdaiwa amelipa.

Ndiyo maana nasema jambo ambalo najua halitapendwa: mara nyingine kinachoiokoa nyumba ni mume akubali kufilisika kisheria, mapema, badala ya kufilisika kimtaani. Mdaiwa mwenyewe anaweza kuiomba mahakama, hana haja ya kungoja aburutwe. Deni likiwa halizidi milioni 50, kama hili la Baba Halima, shauri la mtu binafsi linasikilizwa na hakimu mkuu, si lazima kupanda Mahakama Kuu. Anaweza pia kuomba amri ya ulinzi ya muda ili apate nafasi ya kukaa na wadai wote na kupatana nao. Amri ya ufilisi ikitoka, mali yake inaenda kwa Mpokeaji Rasmi, afisa wa serikali aliye chini ya URSB, ofisi ya usajili, kisha kwa msimamizi, na wadai wasio na rehani hawawezi kuendelea kumshtaki na kumkamata kila mmoja kwa wakati wake. Wanangoja foleni moja. Vifaa vyake vya kazi, nguo, matandiko na mahitaji ya msingi ya familia haviguswi. Nyumba ya ndoa nayo inapewa kinga isipokuwa ilipowekwa rehani, na katika mfano wetu iliyowekwa rehani ni ardhi ya duka.

Rudi kwenye daftari uone maana yake. Kama Baba Halima angeenda mahakamani siku biashara ilipokufa, mkopeshaji wa riba angeingia foleni pamoja na wakulima. Milioni 6 za SACCO zisingechukuliwa. Tukiiweka kando ile dhamana ya benki, nyumba ingebaki na 1,050,000 badala ya 710,000, na pengo lingekuwa 600,000 badala ya 940,000. Bado ni pengo kubwa. Lakini 600,000 unaweza kulipigania: watoto wakitoka bweni, bibi akiletewa 50,000 badala ya laki, matumizi ya chakula yakipungua, mume akipata kazi ya kudumu kwenye ghala la mtu. Pengo la 940,000 halipiganiwi. Linakopewa tena.

Mbona basi hakuna anayekwenda? Aibu ni sababu ya kwanza, na siidharau. Jina lako linatangazwa, wakwe wanasoma. Huwezi kuwa mbunge, ibara ya 80 ya Katiba inamzuia mfilisika ambaye hajaachiliwa, jambo ambalo kwa wengi wetu si hasara kubwa. Sababu ya pili ni gharama: wakili, karatasi za mali na madeni, safari za mahakamani. Kwa mwenye deni la milioni 3 haina maana hata kidogo, atatumia nusu ya deni kujitangaza. Hapo ng'ambo, hatua chache kupita geti, Wakenya wana kitu ambacho sisi hatuna. Sheria yao ya ufilisi ya 2015 ina njia nyepesi kwa mtu asiye na mali yoyote, mwenye deni kati ya shilingi 100,000 na milioni 4 za kwao, na baada ya miezi 12 huachiliwa. Mama muuza samaki wa Sofia, mtaa wa hapa Busia, anayedaiwa na vikundi vitatu vya mikopo angeihitaji njia hiyo kuliko Baba Halima. Na hapa niseme kwamba mfano wangu ungeweza kugeuzwa: soko letu limejaa wanawake waliokopa kwa vikundi, na waume zao, wengine askari na walimu, ndio wanaokatwa mishahara kimyakimya.

Marekani nako kuna funzo, ingawa mazingira yao ni mengine. Tangu sheria yao ya 2005, mtu akiomba kufilisika kwa njia ya kufutiwa madeni, wanapima kipato cha nyumba nzima, pamoja na cha mwenzi ambaye hakuomba. Kisha wanamruhusu aondoe kwenye hesabu ile sehemu ambayo mwenzi anaitumia kwa mambo yake mwenyewe yasiyo ya nyumba, kama kulipa madeni yake binafsi. Kuna wanaoiona ni sheria kali. Mimi ninachokipenda ni kwamba inawalazimisha kukaa na kuandika: hiki ni cha mume, hiki cha mke, hiki kinaingia sufuriani. Sisi hatuna fomu inayotulazimisha kufanya hivyo. Nyumba nyingi hufanya hesabu hiyo mara ya kwanza siku dalali anapouliza kochi ni la nani.

Hesabu hiyo ina wakati wake. Ukishaanza kuzama, ukakimbia kuhamisha kiwanja kwa mke na gari kwa shemeji, mahakama ina uwezo wa kurudi nyuma na kubatilisha zawadi na mauzo ya bei ya chee yaliyofanywa ili kuwakwepa wadai. Na hata pasipo mahakama, wadai wakishakuona unaficha hawatakaa tena kupatana nawe. Ila kuandika jina la mwenye mali kwenye mali yake, wakati hakuna anayedai, si kuficha. Inamgharimu Mama Halima ada ya kubadilisha kitabu cha bodaboda, picha mbili, na asubuhi moja ya kuomba ruhusa kazini.

Nimemwuliza mwanamke mmoja wa kweli, si wa mfano, ambaye biashara ya mumewe bado inakwenda vizuri, kama amekwisha kufanya hivyo. Akaniambia atafanya, lakini si sasa, kwa sababu mume ataona kana kwamba anajiandaa kuondoka.